Mteuzi wa Tumbaku na Siga Nzito

Ukimuuliza Florian Burito mwenyewe, atakwambia kwamba alilipwa mshahara miaka ishirini na sita kwa kuijua tumbaku, na kwamba tumbaku yenyewe haikuwahi kupewa taarifa hiyo.

Alianzia kwenye pamba, Bunda, akiwa kijana mwenye macho makali ya kutofautisha nyuzi safi na chafu. Kutoka hapo akapelekwa Urambo kuwa mteuzi wa tumbaku. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mitumba ya majani makavu ya wakulima, kuchomoa jani moja, kulinyoosha kwenye mwanga, kulisikiliza likikunjwa, kulinusa, kisha kutamka daraja. Wakulima walimwogopa, naye alipenda kuogopwa. Jambo moja tu hakuwaambia: hajawahi kuvuta. Mara ya kwanza na ya mwisho alikuwa darasa la sita, akakohoa mpaka mwalimu aliyemfumania akaweka fimbo chini na kumletea maji.

Alipostaafu alirudi Butiama kwa mkewe Eufrasia. Kazi ilikwisha, lakini ugonjwa wa kutoa madaraja haukwisha. Aliipa daraja kwaya ya kanisani, akaipa daraja mvua. Eufrasia alikuwa akitenga chakula na kuuliza, "Haya mteuzi, leo mlenda umepata la ngapi?"

Sasa mkwewe, Evance, ni mpishi katika hoteli moja ya ufukweni kule Makoko, Musoma. Siku moja akapiga simu.

"Shikamoo baba. Meneja wetu anataka kuuza siga, yale masigara manene ya majani matupu wanayopenda watalii. Ameletewa aina moja, anaambiwa ni nzito sana, hajui kama ni nzuri. Nimemwambia baba mkwe wangu ni mtaalamu wa tumbaku."

Hapo ndipo Florian angeweza kusema ukweli, na asingepungukiwa na kitu. Badala yake alisikia sauti yake ikisema, "Mwambie nakuja Jumamosi. Wasiifungue kabla sijafika."

Jumamosi alivaa koti la kanisani. Eufrasia alimwekea viazi na maziwa, akavikataa. Mwonjaji, alimweleza mkewe, huenda na ulimi mtupu. Alikunywa chai ya rangi nusu kikombe, akaondoka.

Hotelini alikuta wamemwandalia meza kwenye kibaraza kinachotazama ziwa. Meneja, mama mmoja mchangamfu aitwaye Diana, alikuwa amewapanga wahudumu watano wenye madaftari. Kuona madaftari kulimpandisha Florian mabega. Akaichukua siga, akaibonyeza taratibu karibu na sikio, akainusa kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Jani la nje lina mafuta yake," akasema. "Halikukaushwa kwa haraka. Unyevu uko sawa, sikilizeni, halipigi kelele."

Mpaka hapo kila neno lilikuwa la kweli. Wahudumu waliandika. Kama angeinuka wakati ule na kuaga, mpaka leo angekuwa mtu mkubwa Makoko.

"Sasa tunaomba utuonyeshe inavyovutwa, mzee," Diana akasema.

Florian akaiwasha. Yeye alichokijua kuhusu kuvuta ni kile alichokiona kwa madereva wa malori kule Urambo: unavuta, unameza, unatazama mbali. Akavuta, akameza. Machozi yakamjaa. Akatazama mbali.

"Naona imekugusa," Diana akasema.

"Ina... ina historia," Florian akajibu.

Mhudumu mmoja akaandika: historia.

Akavuta tena, maana watu walikuwa wanasubiri. Safari hii ziwa liliinama upande mmoja, na mtumbwi mmoja uliokuwa unapita ukawa miwili. Jasho likamtoka mpaka kwenye viganja.

"Ladha yake je, mzee?"

"Nzito," akasema. Hapo hakudanganya. Akaongeza kwa sauti ndogo, "Evance mwanangu, nishike koti."

Chai yote ya asubuhi iliishia kwenye maua ya Diana. Mkwe alimshika koti, akamshika na bega, akageuzia uso wake ziwani kwa heshima. Kutapika mbele ya mkwe! Florian alitamani ziwa lifike pale kibarazani limchukue. Diana alitoa gari la hoteli limrudishe Butiama, na katika mkanganyiko ule siga yenyewe, iliyozimika, ikabaki mfukoni mwake.

Nyumbani aliyeigundua ni shangazi yake, Rhobi. Bibi huyu alikuwa ameolewa Mugango, akarudi kwa ndugu zake alipofiwa na mume, na alivuta tumbaku tangu Florian hajazaliwa, tena kwa mtindo wa bibi wa zamani wa ziwani, upande wa moto ukiwa ndani ya mdomo ili upepo usiuzime.

"Mura, unanuka kitu kizuri," akasema. Kwa bibi huyu, Florian mwenye miaka sitini na sita bado ni mura, kijana. "Kilete."

Akaigeuza geuza. "Hii ni nene, haiingii kwa upande wa moto. Nitavuta kama Mzungu." Akaiwasha kwa kijinga cha moto kutoka jikoni, akajaza moshi mdomoni, akautuliza humo kama mtu anayeonja mchuzi, akautoa polepole. Hakukohoa. Alivuta tena, na tena, huku mpwa wake akimwangalia kama mtoto wa shule.

"Mwanzo ina pilipili," akasema mwishowe. "Pilipili ikiondoka inakuja kahawa, ile imeungua kidogo. Halafu inaacha utamu kama karanga za kukaanga. Ni nzuri sana hii."

"Ni kali, shangazi. Imeniangusha."

"Siyo kali. Kali inakwaruza koo. Hii ni nzito, inakaa mdomoni tu. Wewe ulimeza?"

"Nilimeza."

"Na tumbo lilikuwa na nini?"

"Chai."

Rhobi alicheka mpaka Eufrasia akatoka jikoni kuuliza kuna nini. "Siku zote nilikuwaga nashangaa," bibi akasema akifuta macho, "huyu anatoa daraja la kitu hajawahi kula."

Florian alijaribu kununa, akashindwa, akacheka naye.

Jumatatu alirudi Makoko bila koti. Alikuwa ameyaandika maneno ya shangazi, na njia nzima alikuwa akishawishika kuyafanya yake. Lakini alipoyaona yale maua, yakiwa yamemwagiwa maji na kupogolewa, alimweleza Diana kila kitu: kwamba yeye ni wa majani, siyo wa moshi, na kwamba hukumu aliyomsomea kwenye karatasi ni ya bibi wa Butiama.

Diana alicheka, kisha akaomba asomewe tena pale penye karanga, akaagiza siga zile. Florian akapewa kazi anayoiweza: kila mwezi anakwenda kukagua sanduku lao la siga, zisikauke wala zisiote ukungu, na anawafundisha wahudumu kulishika jani. Shangazi anapelekewa siga moja kila Florian anapomaliza ukaguzi.

Wahudumu wapya wakifika, Florian huwaonyesha maua yale kwanza, kabla hawajasimuliwa na wengine, na hueleza jinsi alivyotazama mbali. Anasema siku hizi hawa vijana wanamsikiliza kuliko wakulima wote wa Urambo.