Siku Metodi Alipoatamia

Nilizaliwa Brestova, nitafia Brestova, na hapo katikati nimefuga kuku. Sina mengine ya kujisifia. Mume wangu Kolyo alikuwa fundi wa matrekta, alikufa na miaka hamsini na nane. Wanangu wawili wako Uhispania wanachuma matunda ya watu. Mimi nimebaki na banda na kuku weusi wa ukoo wa mama yangu, ambao sijawahi kuwachanganya na kuku wa kununua.

Metodi mwenye duka aliwaambia watu kwamba Tudorka hajui kusoma. Wakati ule alisema kweli. Ndiyo maana haya nayaandika kwa mkono wangu.

Kila Jumatano nilikuwa naweka meza ndogo mbele ya tanuri la mkate la kijiji, na kikapu cha mayai juu yake. Miaka thelathini na moja. Kwa mayai hayo nilinunua kuni za majira ya baridi, dawa za presha, na jeneza la Kolyo. Hakuna mtu aliyewahi kurudisha yai langu.

Metodi kazaliwa nyumba ya tatu chini ya kwangu. Nilimjua tangu anatembea na kamasi. Alikwenda mjini kijana mwembamba, akarudi na miaka arobaini na tano, na gari la mizigo, na kitambi, akafungua duka lenye mlango wa kioo. Mayai yake yalikuja kwa trei kutoka mashamba makubwa, kila yai limepigwa muhuri mwekundu wa namba. Yalikuwa rahisi, sikatai. Lakini siku za Jumatano watu walipita mlango wake wa kioo wakaja kwenye meza yangu, na hilo lilimchoma.

Akaanza maneno. Alisema mayai ya Tudorka yananuka, yana mavi mengi kuliko kiini, ukipasua moja lazima uwashe tochi kukitafuta. Watu walicheka, wakaendelea kununua. Basi akamleta mkaguzi.

Alikuwa msichana wa mjini, ana begi na adabu. Aliniuliza kama nina kibali, nikamwambia nina kuku. Akacheka kidogo, akampa Metodi karatasi anieleweshe, maana Metodi alijitia ni jirani mwema, kisha akaenda garini kwake kuongea na simu. Metodi akanisomea kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wanangoja mkate. Alisoma kwamba mimi Tudorka nimeandikishwa kuuza mayai pale pale, na kuanzia leo mtu asinisumbue.

"Tia sahihi hapa, bibi, mambo yako yaishe."

Nikachora jina langu kama nilivyojua kulichora. Nilimshukuru pia. Hilo la kumshukuru ndilo lililonikosesha usingizi kuliko mengine yote.

Jumatano iliyofuata meza yangu iliondolewa. Karatasi ile ilisema nimekubali kwa hiari yangu kuacha kuuza mayai hadharani. Na Metodi dukani aliigiza jinsi nilivyotoa ulimi nikichora herufi. Haya niliambiwa na Velika, jirani yangu wa ukutani, ambaye alikuwepo. Na alinieleza yote, hakujificha.

"Hata mimi nilicheka, Tudorka. Nikatoka nje nikajichukia."

Nilimsamehe, lakini si bure. Velika alibeba barua za kijiji hiki miaka ishirini na saba. Nikamwambia basi utanifundisha kusoma. Alinifundisha majira mawili ya baridi, mezani kwangu, tukigombana kama mbuzi. Kitu cha kwanza nilichosoma peke yangu ni karatasi ile. Cha pili, vibandiko vya bei dukani kwa Metodi.

Siku nilipomaliza kuisoma karatasi nilimwambia Velika kwamba mtu huyu hatauza tena yai katika kijiji hiki, na atajua ni mimi niliyemfanyia. Akaniuliza kama nataka kumchomea duka. Nikamwambia moto ni wa siku moja.

Nikangoja. Mimi ni mtu wa kuku, najua kungoja.

Halafu mayai yakapanda bei. Wengine walisema ni ugonjwa umeingia mashamba makubwa, wengine chakula cha kuku, wengine vita. Metodi alibadilisha kibandiko mara tatu katika mwezi mmoja. Na trei zilizokuwa rafuni tangu bei ya zamani, nazo alizibandika bei mpya, niliziona kwa macho yangu haya yanayosoma sasa. Wanawake waliozoea kununua trei nzima wakawa wananunua manne, wanayabeba mkononi kama wanaiba. Na kuku hawakuwa nao. Walishawachinja zamani, mayai ya muhuri yaliposhuka bei, na mabanda wakayageuza stoo za kuni. Kuku walibaki kwangu tu, matetea kumi na wanne na jogoo.

Wakaanza kuja kwa mlango wa nyuma, wamefunga vilemba hadi puani. Niliwauzia kwa bei ile ile ya mezani. Sikuwasema. Nilijiwekea na akiba ghalani, mayai yamefukiwa ndani ya ngano kwenye sanduku.

Metodi akasikia habari za sanduku.

Ilikuwa siku ya Mtakatifu Ignati, siku tano kabla ya Krismasi. Siku hiyo kwetu mguu wa kwanza kuvuka kizingiti ndio unaoamua mwaka wako, kwa hiyo mtu mwenye akili anajua anamwendea nani, na asiyependwa anakaa kwake. Mimi kila mwaka mguu wangu wa kwanza ni Velika. Lakini Metodi alikaa mjini miaka mingi, kalenda ilikuwa imemtoka kichwani. Kulipopambazuka tu akagonga, akaingia kabla sijajibu, theluji imejaa viatuni. Anataka mayai yote ya sandukuni, atalipa taslimu, gari la mjini halijaja na watu wanataka kuoka.

Nilimtazama miguu. Ilikuwa imeshavuka.

Kwanza nilitaka kulia. Mwaka mzima wa kuku wangu umekanyagwa na kiatu kile. Lakini mgeni wa kwanza hafukuzwi, hata awe nani. Anafanyishwa kazi ya mgeni wa kwanza. Nikamwonyesha kijiti cha kuchokonolea moto.

"Chokonoa, Metodi. Useme."

"Niseme nini tena, bibi?"

"Mama yako alikufundisha."

Akakumbuka siku. Niliona anavyokumbuka, uso ulimshuka. Akatupa jicho mlangoni, akatupa jicho kwenye mlango wa ghala, na tamaa ikashinda. Akachokonoa moto, akasema cheche zote hizi ziwe vifaranga. Nikatandika nyasi kavu sakafuni karibu na jiko, maana lazima mgeni wa kwanza aatamie, ndipo kuku nao waatamie majira ya kuchipua yakifika.

"Kaa."

"Bibi Tudorka, nina kitambi."

"Kuku naye ana kitambi. Kaa, ulie."

Akachuchumaa juu ya nyasi, kakunja koti, akalia kama tetea, taratibu, anaogopa ukuta usimsikie. Nikamwambia kuku wangu hawalii hivyo, hao ni kuku wagonjwa. Akalia kwa nguvu. Hapo hapo Velika akaingia na mkate wake wa Ignati, na nyuma yake wanawake wawili waliokuja kwa mlango wa nyuma kuagiza mayai ya kesho. Wakamkuta mwenye mlango wa kioo yuko chini anatoa sauti. Velika alilazimika kuuweka mkate mezani usije ukamdondoka.

Metodi akasimama, akajipangusa nyasi, akaniuliza mayai yako wapi. Nikamwambia leo ni Ignati. Siku ya Ignati hakitoki kitu nyumbani kwa mtu, hata chumvi. Njoo kesho.

Kesho yake akaja. Nikamwambia mayai nimeyapangia kazi nyingine. Wakati huo nilisema tu kumkomoa. Sikujua bado.

Nilijua mwezi wa tatu. Miaka yote katika kuku wangu wanaatamia wawili, wakizidi sana watatu. Mwaka ule nilimkuta mmoja kiotani kavimba, ananidonoa mkono. Kesho yake watatu. Kufikia mwisho wa wiki walikuwa kumi na mmoja kati ya kumi na wanne, hawataki kutoka, wanalia ile sauti, na kila nikiisikia namwona Metodi na koti lake. Nikakaa juu ya ndoo ndani ya banda nikacheka hadi mbavu zikauma. Ameniatamishia kuku mwenyewe, kwa kinywa chake.

Ndipo nikajua kazi ya mayai. Nilikusanya mapya, yaliyotagwa wiki mbili za mwisho, nikawawekea kumi na matatu matatu, idadi witiri siku zote, ya shufwa haitotoi vizuri. Siku ya saba niliyamulika kwa taa nikatoa yasiyo na kitu. Baada ya siku ishirini na moja nilikuwa na vifaranga mia na ishirini na wawili, weusi wote, na jikoni kwangu hapakuwa na pa kukanyaga.

Nikawaita wanawake. Kila nyumba nilitaka wasafishe stoo ya kuni iwe banda tena, na kila mmoja alete konzi ya mahindi, maana kifaranga cha bure hakikui. Waliosahau kufuga niliwafundisha, tena kwa kelele. Na nilikuwa na sharti moja. Hakuna yai wala kuku wa uzao huu atakayeuzwa nyumba ya Metodi. Mtu akivunja, nitakuja kuchukua kuku wangu mmoja mmoja nikiwashika miguu. Wananijua, ningekuja.

Velika alibaki baada ya wengine kuondoka. Aliniuliza kama nimefikiri, kwamba kila nyumba ikiwa na kuku, nani atanunua kwangu.

"Hakuna."

"Umejikatia na mkate wako, wewe mwanamke."

"Najua. Nimekata mikate miwili. Wa Metodi ni mkubwa."

Vuli ilipofika, matetea wachanga walikuwa wanataga kijiji kizima. Metodi alishusha bei. Akashusha tena. Akabandika karatasi kubwa ya kuwaita watu, nikaisoma nikiwa nimesimama katikati ya njia ili anione ninasoma. Trei zake zilikaa hadi zikanuka, safari hii kweli, ikabidi afungue mlango wa kioo kutoa harufu. Mwezi wa kumi rafu ya mayai aliigeuza ya viatu vya mpira.

Majira ya baridi theluji ikafunga barabara ya mjini, na mkewe Ginka alikuwa amealika ukoo wake wote Krismasi. Alizunguka nyumba kwa nyumba kutafuta mayai ya kuokea. Wanawake walimkaribisha, wakamnywesha kahawa, wakamwambia kuku wanapumzika. Kila nyumba kuku wanapumzika, na kila banda linasikika hadi barabarani.

Siku ya Ignati nilimwona Metodi kupitia dirishani, amejibanza nyuma ya ukuta wa Velika. Safari hii kalenda aliijua. Alimngoja Velika aingie kwanza, Velika akachokonoa moto akakaa kwenye nyasi na magoti yake mabovu, ndipo yeye akagonga, kofia mkononi. Alitaka mayai ishirini. Akasema ni kwa ajili ya Ginka tu, si ya kuuza.

Nikamletea karatasi kutoka nyuma ya picha ya Mama wa Mungu. Ilikuwa tayari tangu vuli.

"Soma."

Akaisoma kwa macho. Masikio yalimwiva.

"Nani kakuandikia hii?"

"Mimi. Soma kwa sauti. Siku ile ulisoma kwa sauti."

Velika alikuwa bado chini kwenye nyasi, akasema yeye anasikiliza. Metodi akasoma kwamba yeye Metodi alimsomea Tudorka uongo mbele ya watu, akamnyang'anya meza, akamcheka, na kwamba yai la Tudorka halikuwahi kunuka. Katikati sauti ilimkatika, nikamwambia arudie mstari. Akarudia. Nikampa kalamu. Alitia sahihi bila kutoa ulimi, yeye ni msomi. Karatasi hiyo iko kwenye mlango wa nyumba ya tanuri la mkate hadi leo, ndani ya nailoni isilowe, na anayetaka kuihakikisha na aende akaisome.

Akaweka kikapu chake mezani. Sasa mayai.

"Leo ni Ignati, Metodi. Hakitoki kitu."

Velika alijifunika uso kwa kilemba.

"Njoo kesho," nikamwambia.

Alikuja. Kulikuwa kumeshapambazuka, na mimi tangu nimeolewa sijawahi kuamka baada ya kuku, lakini asubuhi ile sikufungua mlango. Nilichemsha mayai mawili, nikaketi dirishani. Alikuwa getini na kikapu, anapigapiga miguu, theluji imeanza kumjaa kofiani. Nikamenya la kwanza, nikalitia chumvi, nikala. Nikala la pili. Kisha nikaweka la tatu jikoni, maana mimi sikuwa na haraka.