Kilio Kinachokatika: Kuhara Damu na Utumbo Uliojikunja

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye zahanati moja upande wa Kinyangiri, nilipewa ndoo, ufagio na daftari la wagonjwa. Nilikuwa na elimu ya darasa la saba, na haya nyingi kiasi cha kusalimia watu huku nikitazama sakafu. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alinisimamia nikiandika jina la mgonjwa wa kwanza.

“Kijana, unaandika au unachonga mwiko?”

“Naandika, mzee.”

“Haya, chonga. Lakini kila ukimaliza neno, inua macho umtazame mgonjwa.”

Benchi zima la wagonjwa lilicheka. Mimi nikaishika ile amri.

Mzee yule alinifundisha mambo mengi, lakini nitaeleza moja: magonjwa mawili ya utumbo yanayofanana kwa mtoto mchanga. La kwanza ni kuhara damu, linaloletwa na vijidudu vya uchafu. La pili ni utumbo kujikunja, yaani kipande cha utumbo kuingia ndani ya kipande kinachofuata na kuziba njia. Katika yote mawili mtoto analia, anatapika, na nepi ina damu na ute. La kwanza mara nyingi tulilitibu pale pale. La pili linataka hospitali yenye chumba cha upasuaji, tena mapema, maana utumbo uliobanwa hukosa damu ukafa.

“Usitazame nepi peke yake,” aliniambia. “Sikiliza kilio. Wa kuhara damu anasumbuka kutwa, ana homa, anajisaidia kila mara. Wa utumbo kujikunja analia ghafla, anavuta magoti tumboni, kisha ananyamaza na kupauka. Baadaye anaanza tena. Choo chake ni kidogo, na damu yake ni nzito kama jamu. Huyo usimpe dawa ukamrudisha nyumbani.”

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa kozi, nikarudi nikiwa Mganga Msaidizi wa Vijijini, cheo cha mtu anayetibu mahali pasipo na daktari. Nikapangiwa zahanati moja karibu na Mtinko. Hapo ndipo asubuhi moja nilipoletewa Idi, mtoto wa miezi saba, mnene, aliyekuwa mzima hadi jana yake. Alibebwa na mama yake, Asha. Nyuma yao alikuja mama mkwe wa Asha, Bibi Zainabu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Mtoto anahara damu, baba. Tupe dawa twende. Mtama wangu uko uwanjani, na kuku wa jirani hawana adabu.”

Nikaanza kuandika. Jina la Idi ni fupi, lakini nilikuwa bado kwenye jina la babu yake mtoto alipopiga ukelele na kukunja magoti. Asha akambembeleza. Kilio kikakatika.

“Afadhali, amepoa,” bibi akasema.

Niliinua macho. Midomo ya mtoto ilikuwa imepauka. Nikaweka kalamu chini, nikakaa.

“Mbona unatutazama tu? Dawa zimeisha?”

“Nasubiri kilio, bibi.”

“Haya! Leo tumepata mganga anayesubiri mtoto alie.”

Kilio kikaja, kikakatika, kikaja tena. Mtoto alipotulia nilimpapasa tumbo, nikakuta upande wa kulia uvimbe mrefu kama kiazi kitamu chembamba. Hakuwa na homa. Kisha akatapika matapishi ya kijani, nami sikuwa na shaka tena. Niliwaambia waende hospitali ya mjini Singida mara moja, na kwamba huenda akapasuliwa.

“Kwani huyu mbuzi?” bibi akafoka. “Baba yake yuko mnadani na ng'ombe. Tutamsubiri hadi jioni.”

Asha alinitazama tu, machozi yakimtoka. Jioni ilikuwa mbali mno kwa mtoto yule. Kwa kuwa mimi si mwepesi wa maneno, nilivua koti langu jeupe, nikausukuma mkono wa koti uingie ndani yake wenyewe.

“Utumbo wa Idi umefanya hivi, bibi. Dawa ya kunywa itapita wapi?”

Bibi aliunyakua ule mkono, akapitisha vidole. Vikakwama.

“Basi uvute urudi.”

“Wanaoweza kuuvuta wako mjini.”

Aliniachia koti, akamgeukia mkwewe. “Asha, umekaa nini? Funga mtoto! Mwanangu akiuliza, nimeamua mimi.”

Nilimwekea Idi dripu, tukasimamisha lori la vitunguu lililokuwa likienda mjini. Bibi alimtoa utingo kwenye kiti cha mbele kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mtoto alipasuliwa siku ile ile. Daktari alikuta utumbo bado mzima, akaunyoosha, na Idi akarudi kijijini akinyonya.

Tangu hapo Bibi Zainabu alikuwa habanduki kwenye benchi la zahanati. Aliwafundisha akina mama kusikiliza vilio, akiwaonyesha utumbo unavyojikunja kwa mkono wa gauni lake.

Baadaye nilihamishiwa Manyoni, nikafanya kazi chini ya Waganga Wakuu wa Wilaya watatu, nikafundisha wahudumu wengi, kisha nikastaafu. Leo ziko mashine za kupiga picha ya tumbo, nami nazifurahia. Lakini mashine haimfuati mtoto nyumbani. Lazima awepo mtu wa kumtambua na kumpeleka.

Mwaka huu, kwenye arusi moja, nilikaa na tabibu kijana anayefanya kazi katika zahanati ile ya karibu na Mtinko.

“Mzee, wanawake wa kule mliwafanya nini?” akaniuliza. “Mwezi uliopita mama mmoja kaniletea mtoto, hata sijamgusa ananiambia, ‘Huyu analia kwa kukatika, akinyamaza anapauka. Niandikie barua ya hospitali.’”

“Ukamwandikia?”

“Nilimpima kwanza. Alikuwa sahihi.”

“Na mtoto?”

“Alitibiwa mjini. Sasa yuko nyumbani, anatambaa.”

Nikamwambia hiyo ni kazi ya Bibi Zainabu. Kisha nikaomba chai nyingine, nikainywa kwa raha.