Shoka la Mwana wa Kwanza

Mama Ouma husuka mikeka ya mafunjo kule Dunga, ufukweni mwa ziwa. Mafunjo yakishakatwa huanikwa, kisha huyapasua kwa kisu kidogo na kuyapanga kwa urefu kabla ya kuanza kusuka. Kazi hiyo humwachia akili wazi, na kwa miaka mingi amezoea kuomba huku vidole vikienda.

Ombi lake lilikuwa moja. Tangu aolewe, yeye na mumewe Owiti waliishi ndani ya boma la baba mkwe. Mkwe alikufa, nao wakabaki pale pale. Walikuwa na kiwanja chao ng'ambo ya kijito, lakini kwa desturi ya Wajaluo mtu hahami hivi hivi tu. Hutoka alfajiri, mwana wa kwanza akitangulia na shoka, baba akishika jogoo, mama akibeba moto, na nyumba husimamishwa siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni kibanda. Mwanamume akifa kabla ya hapo, huzikwa kwa baba yake kama mtu ambaye hakuwahi kuwa na kwake. Na Owiti alikuwa mgonjwa wa moyo. Miguu yake ilivimba hata viatu vikamkataa.

Mwana wa kwanza, Ouma, alikuwa Doha akilinda maghala. Kila mwaka alipiga simu: "Mama, Desemba hii nakuja." Mama Ouma alikifyeka kiwanja, Krismasi ikapita, majani yakaota tena. Mwishowe simu yenyewe ikawa haipatikani.

Oluoch, ndugu yake Owiti, alikuja siku moja akaketi bila kukaribishwa.

"Shemeji, Sydney, mdogo wake Ouma, naye si mtoto wa huyu mzee? Mpe shoka tumalize. Ama unangoja malaika aje na la kwake?"

"Nikimpa Sydney shoka na kaka yake yuko hai, nitakuwa nimemzika Ouma."

"Na yuko wapi, huyo aliye hai?"

"Nimemkabidhi Mungu. Muulize yeye."

Oluoch alicheka. "Mungu wako naye hashiki simu."

Owiti hakucheka wala hakumtetea mkewe. Alitazama miguu yake. Hilo lilimuumiza Mama Ouma kuliko maneno ya shemeji, maana alijua mumewe anaogopa, na ana haki ya kuogopa.

Akaacha kwenda kwenye maombi ya akina mama ya Jumatano. Kila mmoja alikuwa akimuuliza, "Bado?" kwa sauti ya huruma, na huruma ile ilimchosha. Asubuhi moja, akipasua mafunjo, aliacha sala yake ya kawaida akasema kwa sauti, "Baba, nimechoka kukukumbusha."

"Unaongea na nani?" Owiti akauliza kutoka kitini.

"Na anayesikia."

"Basi mwambie mimi pia niko hapa."

Baadaye Mama Ouma alikiri kwamba siku hizo hakuwa na imani ya kujivunia. Alikuwa na mazoea ya kuomba, basi, na alipoishiwa nguvu ni hayo mazoea yaliyombeba.

Mvua za masika zilikuwa zimekolea Rehma alipokuja kuchukua mikeka. Rehma ana duka Kondele, mjini, na amenunua kwake muda mrefu. Alikuwa akifunga mzigo aliposema, kama jambo linalojulikana, "Mama Ouma, kijana wako amekonda. Ile kazi ya kushusha vitunguu si ya mtu aliyezoea kusimama getini."

"Kijana gani?"

Rehma akaacha kamba. "Wallahi, nilidhani unajua."

Walienda pamoja Kondele mchana huo huo. Ouma alikuwa nyuma ya lori, gunia begani. Alipomwona mama yake aligeuza uso ukutani, gunia likiwa bado begani.

"Weka hilo gunia chini," Mama Ouma akasema.

Akaliweka. "Mama, kampuni ilifungwa. Wakaturudisha mikono mitupu. Ilikuwa nije na mabati, nije na saruji. Nikasema nitafute kitu kwanza."

"Na mimi nakuombea ulindwe huko jangwani, kumbe uko Kondele na vitunguu!"

Wapakiaji wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mama, mchape!" Ouma alikuwa analia.

Hasira ikamtoka Mama Ouma. "Baba yako anaisha, Ouma. Niliomba urudi. Mabati sikuomba."

"Watu watasema."

"Wameshasema yote. Sasa wanarudia tu. Chukua shati lako twende."

Alfajiri ya Jumamosi Ouma alitangulia na shoka. Owiti alimfuata na jogoo kwapani, akisimama kila hatua chache kuvuta pumzi, na hakutaka kushikwa mkono. Mama Ouma alikuja na makaa ndani ya kigae cha chungu, akiyapuliza njiani yasizimike. Oluoch alikuwa ameshafika na nguzo. Alichimba mashimo pamoja na Sydney tangu jua halijachomoza, bila mzaha hata mmoja. Paa walilifunika kwa turubai kuukuu, na kuta kwa mikeka iliyokuwa iuzwe Kondele.

Jioni mvua ikanyesha, turubai likavuja pembeni. Mama Ouma alisogeza moto mahali pakavu akaweka uji. Oluoch, amelowa chapachapa, akainama aingie mlangoni kama alivyoingia kwa kaka yake siku zote.

Owiti akainua fimbo, akaiweka kifuani pa nduguye.

"Piga hodi kwanza," akasema. "Hapa ni kwangu."