Damu ya Nyumbani

Kila mwaka nawafundisha wanafunzi wangu hapa Kitale kwamba kufa ni mojawapo ya kazi za seli. Nawaambia waangalie vidole vyao: tumboni mwa mama mkono ulikuwa bapa, halafu seli za katikati zikaamriwa zijiue, zikatii, vidole vikaachana. Huwa wanacheka na kutanua vidole. Mwaka huu nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje, maana mdogo wangu alikuwa amelazwa Bungoma, akimalizwa na amri hiyohiyo.

Alikuwa mchuuzi wa ng'ombe sokoni Chwele. Fizi zilipoanza kutoka damu alilaumu mswaki. Daktari akatuambia uboho ulio ndani ya mifupa yake unakauka: seli shina, zile zinazozaa damu yote, zilikuwa zinaamriwa zijiue, na waliotoa amri ni askari wa mwili wake mwenyewe.

"Ati zinajiua?" aliniuliza. "Si zikatae tu, bana."

"Haziwezi, ndugu yangu."

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezifunza huo utiifu.

Ilibidi aongezewe damu tukingoja vipimo. Mama aliikataa ya benki ya damu katakata. Kwetu kuna koo tulizolishana nazo kiapo, hatuli pamoja wala hatuoani, na nani angejua mfuko ule umetoka kwa nani?

"Damu ya mtu hujui itamletea shida," alisema. "Yetu si iko?"

Katika kliniki tulikoanzia, kabla ya Bungoma, hakuna aliyembishia. Tukatoa: mama, mimi, wajomba, kisha tukarudia. Kila mara mgonjwa wetu alipopata rangi kidogo, mama alitembea wodini kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

Majibu yakatoka: uboho wangu unalingana na wake, unaweza kupandikizwa. Nililia kwa furaha palepale kwenye korido. Daktari bingwa wa Bungoma hakufurahi. Aliuliza damu yote ile ilitoka wapi.

"Ya nyumbani tupu, daktari," mama akajibu, kifua mbele.

Yule bwana alivua miwani. Akaeleza kwamba mwili ukipewa damu ya ndugu mara kwa mara hujifunza kuwatambua na kuwapiga vita. Sasa uboho wangu ukiingia, huenda ukatupwa nje. Afadhali ingekuwa damu ya wageni. Nafasi ilikuwapo, alisema, lakini sasa imebaki ndogo sana. Watu wetu hupenda kusema damu ni nzito kuliko maji. Nauchukia msemo huo siku hizi.

Nilimweleza mama kwa lugha yetu, bila kuficha neno. Mdogo wangu aligeukia ukuta. Mama akampapasa kichwa. Kisha akakunja mkono wa sweta yake mpaka juu ya kiwiko, akamnyooshea daktari.

"Basi chukua tena," alisema. "Saa hii nitatoa nyingi."