Nilihubiri Subira Saluni

Mnisitiri wenzangu, lakini hili lazima niliseme. Wiki iliyopita nilipewa zamu ya kufundisha katika ushirika wetu wa Ijumaa hapa Muscat, na mada ilikuwa kumngoja Mungu kwa saburi. Mimi tena, ninayebonyeza kitufe cha lifti mpaka kidole kiniume!

Alhamisi jioni, kwenye saluni ninakofanya kazi mtaani Azaiba, nilimpaka rangi ya nywele mama mmoja wa Kiomani. Tangu aingie alizungumza Kiarabu tu, kwa hiyo nikasimama nyuma yake nikifanya mazoezi ya somo langu kwa Kiswahili, kwa sauti.

"Mpendwa, wakati wa Mungu hauna njia ya mkato! Ukiuharakisha, utaharibu!"

Mwenzangu Wambui akaitikia amina huku akifagia. Hata yule mama alitabasamu kwenye kioo. Nikajiona nina upako.

Basi nikatamani kukimbia nyumbani nikaandike somo kabla halijanitoka. Rangi ilikuwa bado haijashika.

"Naosha," nikamwambia Wambui. "Huyu hata hatajua."

"Si ungoje kidogo?"

"Nimengoja vya kutosha."

Nikaosha, nikakausha. Mvi zote zikajitokeza, zikiwa na rangi ya chungwa.

Mama akajitazama, kisha akanitazama mimi kwenye kioo, akasema kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka:

"Somo lako nnalipenda, mwanangu, hasa pale pa njia ya mkato. Haya, nipake tena, na mara hii tungoje sote."