Kayamba la Bibi na Kaseti Mama

Siku hizi muziki uko kwenye simu na kila mtu fundi. Lakini enzi za kaseti, niseme bila kuona haya, Temeke nzima hakukuwa na mtu wa kunakili kama mimi. Wenzangu walibonyeza kitufe cha haraka, kaseti ya saa nzima ikaisha chai haijapoa. Mimi hapana. Ya saa moja niliinakili kwa saa moja, nimekaa, nasikiliza, na kabla ya kila moja nilisafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti. Wateja walinuna. Niliwaambia haraka haraka haina baraka, asiyetaka kungoja aende kwa jirani. Walikwenda, tena wengi.

Kaseti niliyojivunia kuliko zote niliirekodi mwenyewe, arusini Vingunguti, kwa kikundi cha ngoma cha akina mama wa Lindi. Nilikuwa na maikrofoni moja tu. Nilizunguka uani asubuhi nzima nikitafuta pa kuiweka, mwishowe nikaifunga kwenye nguzo ya kamba ya nguo, ngoma kubwa mbali, bibi wa kayamba karibu. Walinicheka. Nikawaacha wacheke.

Miezi kadhaa baadaye bibi yule wa kayamba akaja dukani kwangu, mkongojo mkononi, uso kaukunja.

"Shikamoo bibi."

Hakuitikia. "Mie nimekukosea nini, mjukuu wangu, hata ukanifuta?"

Akaeleza. Magoti yalikuwa yamemshinda, kikundi akawaachia mabinti, nao wakawa wanajifunza kwa kaseti. Alipokwenda kuwatazama mazoezini akakuta wanacheza bila kayamba. Wakifika pa kugeuka wanagongana, maana kayamba linaponyamaza ndipo watu hugeuka. Kuuliza, akajibiwa, "Bibi, mbona kwenye kaseti hamna kayamba? Ngoma hii haina kayamba." Maisha yake yote alikuwa akilitikisa yeye.

Akafungua pindo la kanga, akanipa kaseti yenyewe. Kuisikiliza kidogo tu nikajua si mkono wangu. Ilikuwa nakala ya nakala ya nakala, zote za kitufe cha haraka. Sauti nyembamba ndizo hufa kwanza. Ngoma kubwa ilibaki ikidunda peke yake, kama mtu anayetwanga nyumba ya pili. Nilikasirika kweli. Kunifananisha mimi na kazi ile!

Nikatoa kaseti mama kabatini, ile ya kwanza niliyoirekodi arusini, nikasafisha kichwa cha deki, nikamvutia bibi kiti. Kayamba likaingia, punje kwa punje, kama mchele unaopepetwa mbele yetu. Mkongojo ukamponyoka na hakuuokota. Alisikiliza, mikono ikitikisika pajani kana kwamba imelishika kayamba, na mimi kifua mbele, nimesahau hasira zote. Karibu na mwisho wa upande wa kwanza akanyanyua kidole.

"Hapo! Hapo nilichelewa."

Kweli alichelewa, kidogo mno. Nilikuwa nimelijua siku nyingi, nikalinyamazia kwa heshima. Nikamwambia kwamba kwenye nakala mpya nitakayowatolea mabinti naweza kukiruka kipande hicho, wala hawatagundua.

"Thubutu!" akasema. "Kiache. Wakisikia nimechelewa, watajua nilikuwepo."