Marita na Mgomba wa Pembeni

Ilikuwa mwaka 1909. La, nakosea, ilikuwa 1908. Ule wa 1909 nilikuwa njiani nikibeba mizigo ya Mjerumani kwenda Tukuyu. Basi mwaka huo jirani yangu pale Ipinda, Anyitike, alimwoa Marita, binti wa Wakisi wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mfinyanzi wa vyungu.

Kwetu bibi arusi hukabidhiwa migomba aitunze. Mama mkwe wake, Angetile, hakumficha:

"Mwanangu, isipotoa mikungu kabla mvua hazijaisha, shamba nampa mke wa shemeji yako Lameck. Wewe utabaki na vyungu vyako."

Marita akasomba mavi ya ng'ombe, akayakanda na udongo, akakandika kuzunguka kila shina, kisha akalainisha kwa kokoto kama afanyavyo chungu. Pakakauka, pakang'aa. Tukaenda kutazama.

"Shemeji, utaichoma lini?" akauliza Lameck, ndugu wa Anyitike.

"Nikipata kuni. Nikikosa, nitachoma ndevu zako!"

Tulicheka sana, lakini majani yalikuwa yanageuka manjano, na Marita alianza kukosa usingizi.

Mgomba mmoja tu ulinona, wa pembeni, ambao hakuukandika kitu. Hapo ndipo alipozoea kunawa mikono yenye mavi. Akachuchumaa, akafukua: vijizizi vyembamba kama nywele vimejazana kwenye tope. Akafukua chini ya mgomba uliokandikwa: vumbi tupu. Mvua ilikuwa ikiteleza juu na kwenda zake.

"Mama," akamwambia Angetile, "mgomba hauna meno. Chakula chake unakinywa na maji. Mimi nimeupa mfupa."

"Sasa unangoja nini? Lete jembe!"

Wakavunja lile gamba gumu wote wawili, mama mkwe akihema na kucheka, wakatifua mbolea na udongo, mvua ikaingia. Kabla mvua hazijaisha, mkungu wa kwanza ulining'inia. Angetile aliupitisha mwenyewe mbele ya nyumba ya Lameck, polepole, kisha ikapikwa mbalaga, chakula chetu cha ndizi, nami nilikula. Shamba likabaki la Marita mpaka uzee wake.

Baadaye alipanda pilipili chini ya mgomba ule ule wa pembeni. Maji yale yale, mavi yale yale; ndizi ikawa tamu, pilipili ikawa kali. Nimetembea sana, nimewauliza walimu na wakulima wengi: mzizi unajuaje cha kuchukua na cha kuacha?